Umepata kazi ya maendeleo ya uchumi kaunti? Soma haya kabla hujaandika projekti ya kwanza

Projekti yangu ya kwanza ilikuwa meza za sokoni. Soko lenyewe silitaji, wenyewe wanalijua. Meza 42 za zege, paa la mabati, mfereji wa maji machafu, kila kitu, na mimi ndio niliyepima na mimi ndio niliyeandika ile ripoti ya kuombea pesa. Nilikwenda pale siku tatu mfululizo saa nne asubuhi na tepu na daftari, nikarudi ofisini nikachora vizuri kabisa. Zikajengwa. Kina mama wakahamia siku ya kwanza, picha zikapigwa, na baada ya wiki mbili nikapita hapo nikakuta meza tupu, mbuzi wawili wamelala chini yake, na kina mama wote washarudi barabarani kwenye vumbi wametandika magunia.

Nikamuuliza mmoja wao, muuza mchicha, mtu mzima, "Mama, mbona mumehama?" Hakunijibu. Alinishika mkono akanipeleka mpaka kwenye meza yake, akanambia "Simama hapo." Ilikuwa kama saa tisa na nusu, jua limeshaanza kuinama laingia chini ya paa moja kwa moja lanipiga usoni. "Sasa mwanangu, jifanye wewe ndio mchicha." Alafu akanionyesha barabarani vile matatu zashusha watu, mteja ametoka kazini amechoka ashuka pale, ati atembee hatua mia kuja huku nyuma kufuata mboga iliyonyauka, kwani amelogwa?

Mimi nilikuwa nimekwenda saa nne, siku zote tatu. Saa nne kivuli kiko tele. Fundi hakukosea, alijenga nilichomchorea.

Kwa hio haya nayaandika kwa wewe uliyeingia juzi idara ya biashara ya kaunti hapa Mombasa, ama uko atachimenti, ama umeitwa intavyuu na hujui hio "maendeleo ya uchumi" ni kufanya nini hasa. Watu wengi wadhani ni kuvaa suti ukapokee mwekezaji eapoti. Hilo nalo lipo, ntalifikia. Lakini siku zako nyingi utazimaliza na mtu ambaye tayari yuko kwenye biashara, ana meza ama mkokoteni ama fremu ya futi sita, na kuna kijambo kidogo kinamkwamisha ambacho yeye anakijua na wewe hukijui.

Nenda masaa ambayo hutaki kwenda

Soko lina masaa yake. Soko la Kongowea ukifika saa nne ni kama umefika harusini biriani ishaliwa. Malori yaingia usiku, viazi vya bara, ndizi za Taveta, machungwa kutoka Tanzania, na wachuuzi wa mitaani wafika alfajiri kununua, jua likichomoza bei ya siku ishajulikana. Sasa kama wataka kujua kwa nini nyanya ni ghali Mtongwe kuliko Kisauni jibu liko Kongowea kabla ya alfajiri na liko kwenye feri ya asubuhi na kwa yule mwenye mkokoteni upande wa pili, haliko ofisini penye feni. Mimi siku hizi mahali pamoja nakwenda angalau mara tatu, alfajiri, alasiri, na baada ya magharibi, na nikipata siku ya mvua nashukuru maana mvua yaonyesha kila kitu, maji yasimama wapi, nani ana turubai, nani afunga mapema aende zake.

Na Ramadhani tafadhali usihesabu kitu mchana ukakiita hali ya kawaida. Asubuhi utaona nusu ya mikahawa imefungwa, utaandika "biashara zimedorora", kumbe kuanzia alasiri barabara zafurika kaimati, bajia, viazi karai, sambusa, madafu, na kuna mtu miezi kumi na moja hauzi chochote ila mwezi huo asomesha watoto nao. Nilishaona takwimu za mtaa mmoja zilizokusanywa asubuhi za Ramadhani zikatumika kupangia mwaka mzima. Aliyezikusanya hakudanganya, aliona alichokiona.

Msimu ni hivyo hivyo. Kusi ikivuma wavuvi wa vidau vidogo hawatoki nje ya mwamba, na hoteli za ufuoni kuanzia Aprili mpaka Juni zapunguza watu, wapishi na wahudumu warudi nyumbani, duka la mtaani laanza kuandika madeni kwenye daftari. Mkopo ukiupanga ulipwe sawasawa kila mwezi, mwezi wa sita utasema watu wa Likoni hawalipi. Watalipa wapi na dau liko mchangani? Panga malipo makubwa kaskazi, madogo kusi, hata bibi yako angekupangia hivyo.

Maswali

Ukimkalia mtu na daftari ukamuuliza "changamoto zako ni zipi" atakujibu mtaji. Kila mtu atakujibu mtaji, maana washazoea, wajua afisa akija huwa ana fomu ya mkopo mfukoni. Si uongo, mtaji hautoshi, lakini jibu hilo halikufundishi kitu. Mimi huuliza matatu. Jana kitu gani kiliisha mapema? Kitu gani kilibaki kikaoza? Na la tatu, tangu ufike leo asubuhi umetoa pesa ukampa nani na nani?

Hilo la tatu ndilo lenyewe. Hebu tuseme mama ana meza ya mboga, faida yake kabla ya matumizi ni shilingi 600 kwa siku. Ushuru wa soko 50. Hamali wa kumshushia mzigo 100. Mitungi miwili ya maji 40. Choo 10, na siku nzima aenda mara nne, 40. Mlinzi wa usiku 20. Mtoto mdogo amemwacha kwa jirani, 100. Hapo ishatoka 350, amebaki na 250 bado hajala wala hajapanda gari. Sasa angalia, makelele yote ya siasa utayasikia kwenye ile 50 ya ushuru, mwanasiasa apanda juu ya meza aahidi kuishusha mpaka 30, watu wapiga vigelegele. Mama amepata 20. Choo cha bure na bomba la maji vingempa 80. Mahali pa kuacha mtoto pangempa 100, na hapo sijahesabu yale masaa afungayo mapema kumkimbilia mtoto.

Na hilo la mtoto wengi hawajui kama ni letu. Fungua Katiba, Jedwali la Nne, sehemu ya pili, kazi za kaunti, utakuta elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, na vituo vya kulelea watoto. Yaani kitalu cha watoto pale sokoni si msaada wa kupewa na wazungu, ni kazi ya kaunti imeandikwa tangu 2010. Mimi nilikaa idarani muda mrefu kabla ya kulisoma hilo Jedwali mpaka mwisho, aibu yangu.

Kipi chako kipi si chako

Hapa Mombasa hili ni muhimu kuliko kaunti nyingine, kwa sababu uchumi wetu mkubwa wote una mwenyewe mwingine. Bandari ni ya serikali kuu. Forodha, serikali kuu. Reli, serikali kuu. Dongo Kundu unaiona kwa macho ukiwa Likoni lakini lile eneo maalum la kiuchumi laendeshwa kwa sheria ya kitaifa ya 2015. Chako wewe ni masoko, leseni za biashara, biashara ya haki yaani mizani na vipimo, utalii wa mtaani, na vyama vya ushirika. Jedwali hilo hilo lataja pia feri na bandari upande wa kaunti kisha laondoa usimamizi wa meli za kitaifa na kimataifa, na ukifika hapo waachie mawakili, wewe rudi sokoni.

Wananchi hawataki kujua habari za Jedwali. SGR, ile reli mpya ya Mombasa mpaka Nairobi, ilipoanza 2017 na makontena yakaanza kupelekwa bara kwa reli, ukifanya kikao Changamwe ama Miritini hukuulizwa habari ya soko, waulizwa malori. Na hakuwa dereva peke yake. Kulikuwa na fundi wa tairi, mama wa chapati pale malori yalalapo, mwenye nyumba ya kukodisha, muuza spea, wote walikuwa wakila kwa lori. Septemba 2022 Rais Ruto siku ya kuapishwa alitangaza shughuli za kutoa mizigo zirudi Mombasa, na hata hapo aliyetangaza ni Nairobi, si sisi. Sasa wewe afisa wa kaunti wafanya nini? Usiseme "hilo si letu" ukakaa, watu wataondoka, na usiahidi usichokuwa nacho. Unachokuwa nacho ni hesabu. Ukiweza kuonyesha kwamba kwenye barabara moja kulikuwa na gereji kadhaa na leo zimebaki kadhaa, na kila moja iliajiri vijana wangapi, hio karatasi gavana anaweza kuiweka mezani akikutana na wakubwa, na wabunge wetu waweza kuisoma. Bila hio wataongea hasira tu, na hasira Nairobi washaizoea. Pia kuna Jumuiya ya Kaunti za Pwani, sisi na Kwale, Kilifi, Lamu, Tana River na Taita Taveta, mambo ya maji na barabara na samaki pelekeni huko, peke yetu ni kisiwa na vipande vitatu vya bara.

Tarehe, na hizi uzikariri

Wazo lako liwe zuri namna gani, kama halimo kwenye CIDP ule mpango wa miaka mitano, sasa tuko kwenye wa 2023 mpaka 2027, na halimo kwenye mpango wa mwaka, basi halina pesa na halitapata pesa. Mwaka wa fedha waanza tarehe 1 Julai. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata wapelekwa bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, yaani mwaka mmoja ndio kwanza umeanza na washaandika wa kesho. Mkakati wa fedha ule CFSP ni tarehe 28 Februari, hapo ndipo idara yagawiwa kiwango chake. Makadirio ya bajeti tarehe 30 Aprili. Mtu mgeni huja na wazo lake mwezi wa tano amelichangamkia kweli kweli, na mimi humwambia pole, lala nalo mpaka Agosti.

Kwa hio kazi ya kuzunguka masoko ifanye Aprili mpaka Julai, Agosti uandike. Na ukiandika, andika kwa wadi, tuna wadi 30, kwa sababu mwakilishi wadi akifungua hilo buku atatafuta jina la wadi yake kabla ya kitu kingine, asipoliona hana haja na falsafa yako. Usimkasirikie. Mtu wake akikosa choo sokoni ampigia simu yeye, hampigii afisa wa uchumi.

Ingine, hata bajeti ikipita pesa hazifiki Julai. Mgao kutoka Hazina ya kitaifa huchelewa, kila kaunti yalia hilo. Usiwaambie kina mama "mwezi wa nane meza zitakuwa tayari." Waambie hatua iliyofika, basi. "Ishapita bungeni, haijalipwa." Watu waelewa kuliko tunavyodhani.

Kikao cha maoni

Kuna maafisa wachukulia kikao cha maoni ya wananchi kama soda na orodha ya sahihi. Waulize Kiambu. 2014 Mahakama Kuu ilifuta sheria ya fedha ya kaunti hio ya 2013, moja ya sababu kubwa ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na sheria ya fedha ndio inayokupa nguvu ya kukusanya ada, ikifutwa mnarudi sufuri.

Sasa kukifanya vizuri. Usikiweke Ijumaa mchana, sijui kwa nini hili bado linahitaji kusemwa Mombasa. Usikiweke hotelini Nyali ukataka watu wa Jomvu waje. Tangaza Pwani FM na Radio Rahma na Baraka FM, tangaza misikitini na makanisani, na umpe mwenyekiti wa soko karatasi mkononi wiki nzima kabla, ya Kiswahili, ukurasa mmoja, si lile buku la Kiingereza kurasa mia mbili. Weka hesabu kwa mfano wa mtu, "mwenye kibanda leo alipa hivi, ikipita atalipa hivi." Mara moja niliandika hivyo na kikao kilichokuwa kimalizike saa moja kikaenda saa nne, mzee mmoja wa vinyago akasimama na hesabu yake mwenyewe kwenye karatasi ya pakiti ya sigara na ilikuwa sahihi kuliko yetu.

Na wapangie kina mama wazungumze mwanzo. Ukiacha wazi, wazee wataongea saa moja na nusu, alafu vijana watagombana na wazee, alafu kina mama washaondoka kwenda kupika.

Leseni na kanjo

Huwezi kufanya kazi ya uchumi ukajifanya humjui askari wa kaunti. Asubuhi wewe wamfundisha muuza mishikaki kuweka hesabu, jioni mwenzako amembebea jiko. Kwa huyo muuza mishikaki nyinyi wote ni kanjo, hana habari ya idara. Kwa hio kabla hujaanza programu yoyote mtaani keti na msimamizi wa askari wa eneo, mweleze wapi na nani na mpaka lini, na mupatane mahali pa kuwahamishia watu panapokwenda wateja. Narudia, panapokwenda wateja. Kumhamisha mchuuzi kutoka steji ya matatu kumpeleka kiwanja kitupu ni sawa na kumwambia aache kazi kwa upole.

Leseni yenyewe, tatizo mara nyingi si bei peke yake, ni siku. Mwenye kibanda cha chakula ataka leseni, ataka cheti cha afya cha wanaoshika chakula, pengine na ya zimamoto, na kila moja ina dirisha lake, na siku akifunga kwenda kupanga foleni ni siku hajauza. Kitu rahisi kabisa ambacho chaweza kufanyika bila projekti wala bajeti kubwa, chukua mtu wa leseni, mtu wa afya na mtu wa mapato, waketi meza moja sokoni nusu siku, tangaza wiki mbili kabla. Utashangaa wangapi walikuwa wataka kulipa siku zote. Wapo ambao hawataki, hao pia wapo, lakini si wengi kama tunavyoambiana ofisini.

Mizani nayo usiidharau. Kopo lililobonyezwa kitako na mizani iliyochezewa zaiba kidogo kidogo kwa yule ambaye hana, anunuaye unga nusu kilo. Afisa wa vipimo akipita mara kwa mara soko lapata jina zuri na wateja warudi.

Benki, na nyumba bila ardhi

Hapa nataka kukaa kidogo kwa sababu wanaotoka bara wakija kufanya kazi kwetu hili huwapita. Mtu wa Kisauni ama Likoni ana nyumba, nyumba ya Kiswahili vyumba sita, ameijenga kwa jasho lake, apangisha vitatu, alafu benki yamwambia huna dhamana. Kwa nini? Kwa sababu nyumba ni yake lakini ardhi si yake. Nyumba bila ardhi. Alipia kodi ya ardhi kwa mwenye kiwanja, babake alilipa, na hati iko kwa mtu ambaye pengine hata hajawahi kumwona. Hilo ni deni la historia ya pwani, tangu wakati wa mkoloni, na wewe na daftari lako hulimalizi. Ila usije ukaandika programu ya mikopo ambayo sharti lake la kwanza ni hati miliki, maana utakuwa umeiandikia watu wengine.

Njia zilizopo: chama na ushirika, kwanza. Ushirika ni kazi ya kaunti, sajili kikundi, wafundishe kuandika mihutasari na kukagua hesabu, wenzake ndio dhamana yake. Pili ni rekodi. Mtu mwenye til ya M-Pesa ana historia ya mauzo hata kama hajui, mfundishe kutenganisha pesa ya biashara na pesa ya nyumbani, hata kama ni laini mbili za simu. Nilikuwa na muuza mitumba aliyekuwa akiandika mauzo yake nyuma ya kalenda ya ukutani, kila siku, miaka mitatu. Tulikaa naye jioni mbili tukazinakili, na ile kalenda ndio iliyomfungulia mkopo kwenye SACCO.

Usajili wa tenda za vijana, kina mama na watu wenye ulemavu, ile asilimia 30 iliyotengwa na sheria, wasaidie watu wajisajili lakini uwaambie ukweli wote. Serikali hulipa pole pole. Nimemjua dada aliyekopa kwa shailoki, yaani mkopeshaji wa riba kubwa, kusaplai vifaa ofisi moja ya umma, akangoja malipo mpaka riba ikapita faida, na aliyemhimiza aombe ile tenda alikuwa mtu kama mimi na wewe amejaza idadi yake kwenye ripoti. Sasa mimi husema: omba ndogo, usikope ya riba kubwa, na kabla hujapeleka mzigo hakikisha una oda ya maandishi mkononi.

Mwekezaji

Atakuja na yeye, na wakubwa watataka ushughulike siku hio hio. Mpokee vizuri, kahawa chungu, tende. Alafu muulize mambo mawili kabla hujaangalia picha zake za kompyuta. Ardhi, ana hati ama ana maneno ya broka? Na maji, ataka lita ngapi kwa siku? Maana Mombasa maji yetu makuu yatoka nje ya kaunti, Baricho iko Kilifi, Mzima iko Taita Taveta, Marere na Tiwi ziko Kwale, na hata bwawa la mradi wa Mwache liko Kwale. Kiwanda cha kufua nguo ama cha samaki ambacho hakijafikiria maji kitachimba kisima kipate chumvi, kisha watalaumu kaunti. Mwekezaji wa kweli hufurahi kuulizwa hayo. Yule mwingine hukasirika, na hapo ushajua.

Swali la tatu kama kuna nafasi: vijana atawatoa wapi. Kama ataka mafundi wa kuchomelea thelathini, mwambie mapema ili chuo cha ufundi kianze kuwafundisha, si siku ya kufungua kiwanda ndio watu wasimame getini na mabango.

Na hio kazi yapatikanaje

Hili watu huniuliza mwanzo, nimeliweka mwisho makusudi. Nafasi hutangazwa na bodi ya utumishi wa umma ya kaunti, na bodi hio ndio inayoajiri, si mjomba wa mtu. Mtu akikwambia nafasi iko lete elfu kadhaa, huna nafasi na elfu zako zimekwenda. Digrii ya uchumi yasaidia lakini nimefanya kazi na waliosomea ushirika, mipango ya miji, hata uhasibu, na aliyekuwa hodari kuliko wote alianza kama karani wa ushuru sokoni. Makaratasi ya Sura ya Sita, ile sura ya uadilifu kwenye Katiba, yajue: cheti cha tabia njema kutoka DCI (wapelelezi wa polisi), cha KRA (kodi), cha HELB (mkopo wa masomo), cha CRB (rekodi ya madeni), na fomu ya EACC (tume ya kupambana na ufisadi). Tangazo lisome mpaka chini, mara nyingine wayataka ukiwa umeshapita tu, usikimbilie kulipia yote kabla ya kuitwa. Cha tabia njema chaweza kuchelewa, hicho anza nacho.

Ukienda intavyuu watakuuliza utafanya nini siku mia za kwanza. Usitaje Dubai wala Singapore, wenzako kumi walioko kwenye benchi nje watazitaja. Chagua soko moja unalolijua, sema lafunguliwa saa ngapi, choo ni shilingi ngapi, na jua laingia upande gani.